Hii Usiihubiri

Bagamoyo, bwenini
Jumapili, 12 Februari 2023

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake. Mdogo wangu Kandidi mwambie namsalimu, ingawa aliniibia kalamu ya wino mwekundu siku ile naondoka, na najua anayo. Mimi sijambo. Kifua kilichonisumbua wakati wa Krismasi kimepoa, na maharage ya hapa nimeshayazoea, au yenyewe yamenizoea mimi.

Kidato cha tatu ni kigumu kama walivyotuambia. Fizikia tumeshagombana, bailojia tunaelewana. Kitanda changu kiko jirani na cha Hija, yule binti wa Bi Mwanabaraka wa hapo Mkange, njia ya kisimani, kwa hiyo sikosi mtu wa kukumbushana naye habari za nyumbani. Barua hii anaileta kaka yake, Mikdad, ambaye hupita hapa na kigari chake cha kirikuu akileta kuku na mkaa mjini. Sikutaka kuipitisha ofisini. Matroni hufungua barua zetu zote, na hii nataka uifungue wewe.

Baba, kuna jambo. Hapa wanajua kwamba mimi ni mtoto wa katekista. Sijui nani aliwaambia, ila siku ya kwanza tu nilikabidhiwa kuongoza sala ya asubuhi ya wanafunzi Wakatoliki, na wala hapakuwa na kura. Naongoza vizuri. Maneno yote ninayo, niliyajua kabla sijajua kusoma. Unakumbuka darasani kwako ulikuwa unanikataza kunyoosha mkono ili na wengine wapate nafasi? Basi bado niko hivyo hivyo. Lakini siku hizi nikifunga macho naona sisemi na mtu. Nasema tu. Ni kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walishahamia Dar.

Siogopi sana. Nimechoka kujifanya, basi. Nakuuliza wewe kwa sababu ndiyo kazi yako, na kwa sababu ni baba yangu: je, na wewe imewahi kukutokea? Na mtu akifika hapo anafanyaje, hasa mwaka huu ambao Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara, na mimi ni mmoja wa watakaosimama mbele yake?

Nisalimie wote. Usichelewe kujibu.

Binti yako,
Perpetua


Mkange
Jumatatu, 20 Februari 2023

Kwa binti yangu mpendwa Perpetua,

Tumsifu Yesu Kristu! Marahaba, na marahaba tena. Sisi huku tu wazima kwa neema yake Mwenyezi. Mama yako goti linamsumbua kila mawingu yakijikusanya, lakini halimzuii kulima wala kunisema. Kandidi alitumikia misa Paroko alipokuja, akasinzia na chetezo mkononi, nusura atuchomee kitambaa cha altare. Tembo wametoka mbugani wakapita kwenye mihogo ya mzee Sufiani wakaimaliza. Ya kwetu waliitazama wakaendelea na safari. Mama yako amechukia kidogo kwa dharau hiyo.

Barua yako imenifurahisha mno. Hilo ni swali la mtu mzima, na ni ishara kwamba mbegu tuliyoipanda inaota. Nakujibu kwa hatua tatu. Kwanza, watakatifu wengi wamepita katika ukavu wa roho, na wakaitwa watakatifu kwa kuuvumilia. Pili, wana wa Israeli walizunguka jangwani miaka arobaini, na Mungu hakuwa mbali nao hata siku moja. Tatu, ongeza rozari na upunguze maongezi ya bwenini.

Tena swali lako limekuja wakati wake hasa. Jumatano tunapakwa majivu, na Jumapili inayofuata Injili ni ya Bwana wetu jangwani. Paroko hatafika kigangoni kwetu mpaka mwezi ujao, ibada naiongoza mimi, na nilikuwa sijapata mfano wa kuanzia. Mungu hamtupi mja wake.

Soma kwa bidii. Fizikia nayo iombee.

Wako katika Kristu,
Baba yako, Mwalimu Sosteni Kobelo, Katekista


Bagamoyo
Jumapili, 12 Machi 2023

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Jana Mikdad alileta vitumbua kutoka kwa mama yake. Vya Hija, na vyangu pia, vimefungwa peke yake. Nikashangaa. Akasema, "Mama anakwambia usikate tamaa, na sisi tunakuombea dua." Nikamuuliza dua ya nini. Akaanza kuangalia tairi za gari lake. Hija ndiye aliyembana mpaka akasema: "Si ile habari yake ya kwamba akisali hasikilizwi? Pale kijijini kila mtu anajua."

Mikdad, Baba. Hajawahi kukanyaga kanisani maisha yake yote.

Basi nimeshajua yote. Nimejua kwamba Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ulisimama ukasema, "Kuna binti mmoja yuko shule ya bweni." Kigango chetu kina mabinti wangapi walioko bweni? Niko mimi na Anastela, na Anastela yuko kwa masista, anasali kuliko masista wenyewe. Nimejua kwamba akina mama wa WAWATA wameanza novena ya siku tisa kwa ajili yangu na wanapita nayo nyumba kwa nyumba, na kwamba mke wa mwenyekiti wa kigango amenitaja kwenye jumuiya kwa jina na kwa jina la ukoo. Hata ile nyumba ya waliohamia Dar uliwahubiria. Wanasema watu walicheka kwanza, halafu wakanihurumia.

Kijiji kizima kinaniombea, Waislamu na Wakristu, na niliyemuuliza swali hajanijibu.

Perpetua


Mkange
Ijumaa, 17 Machi 2023

Binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini u mzima, na hasira itakuwa imepungua barua hii itakapokufikia.

Sikutaja jina. Nakuapia mbele ya Mungu sikutaja jina. Kama watu wamehesabu wenyewe, nifanyeje?

Na sikiliza hili kabla hujanihukumu. Unamkumbuka mzee Bonifasi, yule fundi wa baiskeli? Tangu mkewe alipofariki alikuwa hajaingia kanisani. Siku ile alikuwa amesimama nje kwenye mkorosho, anasubiri ibada iishe amdai mtu pampu yake. Akasikia ule mfano wako wa kupiga hodi. Ibada ilipokwisha alinishika mkono, akalia mtu mzima yule, akasema, "Mwalimu, nilidhani ni mimi peke yangu." Jumapili iliyofuata alikaa benchi la pili. Sasa niambie, nilikosea? Neno lako limemrudisha mtu nyumbani. Mtoto wa mtumishi naye ni mtumishi, apende asipende. Mimi sina mali ya kumtolea Mungu, nina hiyo familia yangu.

Bi Mwanabaraka amekutakia mema tu. Vitumbua vyake ungekula kwa shukrani.

Baba yako,
Mwalimu Sosteni


Mkange
Jumapili, 23 Aprili 2023

Perpetua mwanangu,

Hujambo? Nimekuandikia, hujajibu. Mikdad anarudi mikono mitupu, nami siku hizi naona haya kumuuliza.

Pasaka hukuja. Shangazi yako alitupigia simu kutoka Tegeta kwamba uko kwake, unasoma, nasi tukasema vizuri, asome. Mama yako alikuwa ameshanunua kitenge cha kukushonea. Usiku wa mkesha somo la uumbaji, ambalo ni lako tangu ukiwa darasa la nne, alisoma Kandidi. Aliruka siku ya tatu. Tukawa na maji bila nchi kavu.

Halafu siku ya kutembelewa tukaja. Matroni akasema unaumwa tumbo, umelala. Mama yako akamwachia kuku wa kukaanga na ubuyu. Tulipokuwa tunaondoka niligeuka, nikakuona umesimama dirishani. Sikumwambia mama yako. Njia nzima alikuwa anawaza tumbo lako, anauliza kama hapo mnachemshiwa maji ya kunywa.

Majina ya kipaimara yanatakiwa parokiani mwisho wa mwezi wa tano. Niandikie, hata mistari miwili.

Baba yako


Bagamoyo
Jumapili, 7 Mei 2023

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo mara mbili, moja ni ya msamaha, kwa sababu yeye sikumtendea haki. Tumbo halikuwa linauma. Mwambie maji tunachemshiwa.

Naandika zaidi ya mistari miwili, univumilie.

Nafurahi kwamba mzee Bonifasi amerudi. Nasema kweli. Nilipoisoma ile habari yake nililia, halafu nikakasirika zaidi, kwa sababu sasa hata hasira yangu inaonekana ni dhambi. Ulichofanya kimemsaidia mtu, nami bado kimeniumiza, na sijui nayaweka wapi mambo haya mawili.

Lakini hukuanzia hapo. Nilipolamba sukari ya wageni nikakana, nikawa Adamu, kanisa likaambiwa. Nilipomwogopa ng'ombe wa mzee Sufiani nikakurukia mgongoni, ikawa mahubiri ya tumaini. Alipokufa Bibi, nikalia makaburini nikasema nataka kumfungulia kwa sababu huko ndani ni giza, ulinibembeleza, ulinibeba, na siku ya marehemu wote ulisimama ukawaambia watu kile nilichosema. Nilikuwa nimekaa mbele yako. Walinigeukia wote, wakawa wananiangalia kwa upendo. Nilikuwa na miaka saba na nilitamani benchi linimeze.

Tangu hapo kila linalonipata naliona linapanda mimbarini kabla sijamaliza kulihisi. Nikicheka, nawaza hili litafaa Jumapili gani. Hata nikisali, Baba! Labda ndiyo maana sisemi na mtu. Labda nakusikiliza wewe ukinisimulia.

Nilimwandikia baba yangu, akanijibu mwalimu. Ndicho kilichoniuma, mengine yote ni maneno.

Kwa hiyo naomba jina langu usilipeleke parokiani mwaka huu. Sijakataa imani. Ila siwezi kusimama mbele ya Baba Askofu nikaulizwa kama nasadiki, huku kigango kizima kinanitazama mdomo kuona kama novena imefanya kazi. Ukilipeleka, nitakuja, nitasimama, nitajibu kwa sauti kuliko wote, na hakuna atakayejua kwamba nadanganya isipokuwa mimi na wewe. Hilo ndilo unalotaka?

Binti yako bado,
Perpetua


Mkange
Jumapili, 21 Mei 2023

Mwanangu Perpetua,

Hujambo? Unakula? Hapa hatujambo. Mvua zimekata, ufuta umesimama vizuri.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Moja mama yako aliisoma akairudisha mezani, akasema, "Hii si barua, hii ni Jumapili ya Matawi." Nikaichana. Mama yako ana akili kuliko mimi na ananikumbusha bila kuchoka.

Nisamehe. Ya Bibi nilikuwa nimeisahau kabisa, na hilo linanitisha kuliko kama ningekuwa naikumbuka.

Sasa swali lako. Uliniuliza kama imewahi kunitokea. Perpetua, inanitokea. Sisemi habari za zamani, nasema za juzi na jana. Asubuhi nyingi nakwenda kugonga ile rimu ya lori tuliyoitundika iwe kengele, na moyoni sina kitu. Nagonga, watu wanakuja, nasali nao, nafunga mlango, narudi shambani bila kujua kama nimesema na yeyote. Barua yako iliponifikia niliogopa. Nikaona afadhali niipeleke mbele ya watu, maana mbele ya watu nina sauti. Mbele ya mtoto wangu aliyeniuliza jambo moja, na kalamu mkononi, sikuwa nayo.

Hakuna hatua tatu. Ninachofanya ni hiki, na ni kidogo. Nikiona maneno yamekauka, namtaja mtu. Simsemi Mungu kwanza, namsema mgonjwa. Nataja jina lake, kitanda alicholalia, nani amemshika mkono, anaogopa nini. Nataja mpaka nimwone. Siku nyingine linakuja jambo baada ya hapo, siku nyingine haliji, lakini angalau yule mgonjwa amekumbukwa na mtu mmoja vizuri. Basi. Zaidi ya hapo sijui, na miaka yote hii ninafundisha.

Jina lako sijalipeleka. Paroko aliniuliza, nikamwambia bado. Mwenyekiti Kornelio naye amelisema kwenye kikao, kwamba mwalimu ambaye mtoto wa kwake amemshinda atawawezaje wa wenzake. Wengine wamemuunga mkono. Wameamua nitoe maelezo mbele ya Baba Askofu akija mwezi wa tisa. Usilibebe hilo, ni langu. Nakwambia ili usilisikie kwa Mikdad.

Likizo njoo nyumbani. Kitenge kinakusubiri, na hakuna atakayekuuliza kitu. Nitasimama mlangoni mwenyewe.

Baba


Bagamoyo
Jumapili, 20 Agosti 2023

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Mama shikamoo. Kandidi mwambie kalamu nimeikuta ndani ya kiatu chake na nimerudi nayo. Mimi sijambo, na gauni la kitenge limenikaa vizuri hata matroni ameuliza fundi ni nani.

Likizo hatukusema mengi, mimi na wewe. Lakini siku ya kuvuna ufuta ulinipa mundu wako ule mwepesi, ukachukua ule unaokwaruza. Niliona. Na yule mke wa mwenyekiti alipokuja na maswali yake, ukamwomba akusaidie kumshika mbuzi mpaka akasahau alichojia, pia niliona. Nilicheka peke yangu jikoni.

Sasa nina jambo la kukwambia, na naanza na sharti. Hii usiihubiri. Usiihubiri kwa jina, wala kwa "binti mmoja," wala miaka kumi ijayo nikiwa nimeolewa Mwanza. Ukiona huwezi, ishia hapa, uikunje, unirudishie.

Kama bado unasoma, asante.

Tuna msichana wa kidato cha kwanza anaitwa Adila, kwao Saadani. Wiki iliyopita mchana, watu wakiwa uwanjani, aliitwa ofisini akaambiwa mama yake amepelekwa hospitali kujifungua na hali si nzuri. Akarudi bwenini akakaa chini, katikati ya njia, akakataa kuinuka. Hija akakaa naye akaanza kumsomea dua alizofundishwa na mama yake. Alisoma vizuri, kisha akafika mahali sauti ikamkatika, akaniangalia, akasema, "Endelea wewe. Wewe kwenu ndiyo kazi yenu."

Baba, sikuwa na kitu. Maneno yote niliyo nayo ni ya Kikristu, na yule mtoto ni Mwislamu, na mimi mwenyewe unanijua nilivyo. Nikakumbuka barua yako. Nikamuuliza, mama yako anaitwa nani? Akasema Nadhira. Amelala wapi? Hajui. Anapenda kulalia upande gani? Akasema wa kulia, kwa sababu sikio la kushoto ndilo analosikilizia watoto. Nani yuko naye? Shangazi yake. Mikono ya shangazi ikoje? Ana pete ya fedha inayobana. Nikayasema yote kwa sauti, pole pole, kama unavyofanya ukimtembelea mgonjwa, nikayarudia na hiyo pete na hilo sikio. Na mtoto anayezaliwa nikamtaja, ingawa hana jina. Sikumaliza na "amina." Adila akaweka kichwa mapajani mwa Hija akalala usingizi.

Mama yake yuko hai. Mtoto hakukaa.

Siandiki haya ili useme, "Umeona?" Mama yake angepona hata nisingefungua mdomo, na mtoto nilimtaja na bado ameondoka. Simwelewi Mungu kuliko nilivyokuwa simwelewi mwezi wa pili. Lakini kwa muda ule sikuwa najifanya, wala sikuwaza Jumapili. Nilikuwa nasema na mtu, sijui ni nani. Nilitaka ulijue hilo wewe peke yako.

Bado siko tayari kwa kipaimara. Usimwambie mtu kwamba nakaribia.

Binti yako,
Perpetua


Mkange
Jumatatu, 4 Septemba 2023

Mwanangu,

Hujambo? Tumsifu Yesu Kristu, ukipenda kuitika. Sisi wazima. Goti la mama yako limetulia kwa kuwa jua ni kali. Ufuta tumeuza, si vibaya. Tembo wamerudi, na safari hii wamekula mihogo yetu. Mama yako amewalaani huku akiwa na fahari kidogo.

Barua yako ilinikuta shambani, nikaisoma huko huko chini ya jua. Nimeisoma tena mara nyingi. Sitasema kitu juu yake.

Jana Baba Askofu alikuja. Kanisa la parokia lilijaa mpaka nje, vigango vyote vimekuja na ngoma zao. Watoto wetu walijibu vizuri. Kandidi, aliyekuwa anabeba fimbo ya Askofu, hakusinzia, nikamshukuru Mungu kwa hilo kwanza. Niliwaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, wakapanda na wasimamizi wao. Nilipofika mahali kwenye orodha ambapo lingekuwa jina lako nilivusha kidole, nikaendelea na Anastela.

Baada ya misa tulikaa kwenye turubai, na mwenyekiti Kornelio akasimama. Alisema kwa heshima, sitamsingizia. Alisema kigango kina huzuni, mwalimu amewaleta watoto wa watu na wa kwake amemwacha, tena baada ya kigango kizima kumwombea, na watu wanataka kujua. Baba Askofu akanigeukia akauliza, "Mwalimu, binti yako vipi?"

Shati nililovaa ni lile la mfuko mkubwa. Barua yako ilikuwemo, siku hizi natembea nayo. Perpetua, kwa miaka yote niliyohubiri sijawahi kuwa na mfano kama ule. Ningesema maneno machache tu, ya lile sikio na ya ile pete, na Kornelio mwenyewe angelia. Mzee Bonifasi alikuwa amekaa pale mbele, ananitazama kama mtu anayesubiri maji. Nakwambia ukweli, mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Nikasema, "Baba Askofu, binti yangu hajambo. Yuko shule. Hajawa tayari, na akiwa tayari atasema mwenyewe."

Kornelio akauliza, "Hajawa tayari kivipi?" Nikamwambia hajawa tayari. Baba Askofu akasema, "Basi tumsubiri," na pilau ikaletwa.

Halmashauri ya kigango ilikaa jioni ile ile. Darasa la kipaimara mwakani atalishika mama yake Anastela. Mimi nimebaki na rimu yangu na wagonjwa. Imeniuma, sitakuficha, maana lile darasa nalipenda, na leo asubuhi nimepita pale mlangoni nikaona ubao haujafutwa, bado una mwandiko wangu. Lakini nimelala vizuri. Mama Anastela ni mwalimu mzuri, ila anaimba kwa pua.

Mpe pole Adila. Mwambie kuna mzee mmoja huku anamtaja mama yake kila asubuhi, na yule mdogo pia. Usimwambie ni nani.

Mama yako amekuwa akinizunguka tangu Mikdad alipoileta ile barua. Jana tuliporudi akaniuliza waziwazi, "Mtoto ameandika nini?" Nikamwambia amesalimia. Akautazama mfuko wa shati ulivyotuna, akasema, "Salamu tu?" Nikamwambia ndiyo, salamu tu, ila ni nyingi.

Baba